Namna Eklezya Ilivyopatanisha Ndugu wa Msumbiji

Mara nyingi watu huuliza: Askofu hana askari, hana kodi, hana gereza, basi ana nguvu gani mbele ya watu wanaopigana kwa bunduki? Ili kujibu swali hilo, tuangalie mambo yaliyotokea katika inchi ya Msumbiji, tangu mwaka wa 1975 hata mwaka wa 1994.

Chanzo cha vita

Msumbiji ilitawaliwa na Wareno, ikapata uhuru siku ya 25 Juni 1975. Chama cha Frelimo, kilichokuwa kimepigana na Wareno, kilishika Serikali, na Samora Machel akawa Prezidenti. Baada ya muda mfupi waliinuka wapiganaji wengine walioitwa Renamo. Kwanza walisaidiwa na Wazungu waliotawala Rhodesia. Tangu mwaka wa 1980 walisaidiwa na Serikali ya Afrika ya Kusini.

Lakini tusidhani kwamba wageni peke yao walilisha moto huo. Wako wanakijiji waliohamishwa kwa nguvu kwenda kukaa katika vijiji vipya. Wako machifu walionyang'anywa heshima yao. Wengine kati ya hao waliwafungulia waasi mlango. Nao Renamo walitenda maovu makubwa: walichoma vijiji, walibomoa mashule na zahanati, waliteka watoto na kuwatia bunduki mikononi. Kwa vita na kwa njaa walikufa watu karibu milioni 1, na zaidi ya milioni 1 walikimbilia inchi za jirani, hasa Malawi.

Mwaka wa 1984 Machel alipatana na Serikali ya Afrika ya Kusini kule Nkomati, ili isiwasaidie tena waasi. Vita havikukoma. Kwa nini? Kwa sababu msaada uliendelea kwa siri. Tena, wakubwa walikuwa wamesema na jirani, lakini hawakuwa bado wamesema na ndugu.

Eklezya yenyewe ilikuwa na kidonda

Twapaswa kusema ukweli. Wakati wa Wareno, Eklezya ya Msumbiji ilifungamana na watawala kwa mapatano ya mwaka wa 1940, na wengi wa maaskofu walinyamaza mbele ya udhalimu. Wengine hawakunyamaza. Mwaka wa 1971 Mapadri Weupe waliondoka katika inchi hiyo, wasihesabiwe pamoja na wadhalimu. Na mwaka wa 1974 Askofu Manuel Vieira Pinto wa Nampula alifukuzwa. Hata hivyo, uhuru ulipokuja, Frelimo waliiona Eklezya kama rafiki wa mkoloni. Walichukua mashule, hospitali na nyumba nyingi za misioni.

Basi maaskofu hawakuanza kazi ya upatanisho kwa kuwa watu waliwaheshimu. Iliwabidi kutafuta heshima hiyo upya. Kwa miaka mingi waliandika barua za kichungaji wakiomba pande mbili zizungumze, na wakubwa wa Serikali walikasirika. Serikali iliwaita Renamo « majambazi wenye silaha ». Na sisi sote twajua: jambazi hukamatwa, hazungumzi mezani na wakubwa. Jina hilo peke yake lilifunga njia ya amani.

Safari ya porini

Mwaka wa 1988 Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira alikwenda kwa siri porini Gorongosa, akaonana na Afonso Dhlakama, mkubwa wa Renamo. Wote wawili walikuwa watu wa Sofala, wasemao Kindau. Askofu hakwenda kusifu matendo ya waasi. Alikwenda kusikiliza wanataka nini. Alirudi na jibu kwamba hata huko porini watu walichoka na vita.

Wakati huo Joaquim Chissano alikuwa Prezidenti, kwani Machel alikufa kwa ajali ya ndege mwaka wa 1986. Chissano aliwaruhusu viongozi wa dini wajaribu. Mwaka wa 1989 Wakatoliki na Waprotestanti, pamoja na Askofu Dinis Sengulane wa Anglikana, walikwenda Nairobi kusema na wajumbe wa Renamo. Inchi za Kenya na Zimbabwe zilisaidia pia, lakini kila upande uliogopa nyumba ya rafiki wa adui yake.

Meza ya Roma

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ya 8 Julai 1990 wajumbe walikutana Roma, katika nyumba ya Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa na Andrea Riccardi mwaka wa 1968. Serikali ilimtuma Armando Guebuza, Renamo walimtuma Raul Domingos. Wapatanishi walikuwa wanne: Riccardi, Padri Matteo Zuppi, Askofu Mkuu Gonçalves, na Mario Raffaelli aliyetoka upande wa Serikali ya Italia. Walifanya nini?

Kwanza, waliponya majina. Baada ya mkutano wa kwanza pande mbili zilitangaza pamoja kwamba wao ni watu wa inchi moja na wa jamaa moja kubwa ya Msumbiji. Jambazi akawa ndugu, ingawa ndugu mwenye makosa.

Pili, walikwenda hatua kwa hatua. Siku ya 1 Desemba 1990 walipatana kwamba risasi zinyamaze kwanza kwenye njia za reli za Beira na Limpopo tu. Baadaye wakasema juu ya vyama, kisha juu ya uchaguzi, kisha juu ya jeshi.

Tatu, hawakudharau woga. Mtu wa porini huuliza: Nikitupa bunduki, nani atanilinda? Ndiyo sababu walikubaliana jeshi jipya liwe la watu 30.000, nusu kutoka kila upande, na Umoja wa Mataifa uangalie kazi yote.

Kazi hiyo ilidumu miaka miwili na zaidi. Tusiseme kwamba sala na maneno peke yake vilitosha: ukame mkali wa mwaka wa 1992 uliwabana wote, na wafadhili wa nje walikuwa wamechoka. Lakini uchovu haujui njia ya kwenda mezani; wapatanishi ndio waliowaonyesha.

Siku ya 4 Oktoba 1992 Chissano na Dhlakama walitia sahihi. Mwezi wa Oktoba 1994 watu walipiga kura. Chissano alishinda, na Renamo wakapata viti 112 kati ya 250.

Deni lililobaki

Amani hiyo ilikuwa na bei. Siku chache baada ya sahihi, sheria ilisamehe makosa ya vita. Mama aliyeuawa mtoto hakuulizwa kama anasamehe. Katika vijiji vingi watu wenyewe waliwapokea vijana waliorudi, wakawatakasa kwa desturi za wazee; hivyo wanyonge ndio waliobeba mzigo mzito zaidi. Mwaka wa 2013 risasi zililia tena, na iliwalazimu kupatana upya mwaka wa 2019. Sahihi hufunga vita, haiponyi mioyo yote.

Sisi wa Kongo twafahamu mambo hayo. Mwezi wa Februari 2025 wajumbe wa maaskofu wetu na wa Waprotestanti walifika Goma kusema na wakubwa wa M23, na wako watu waliowalaumu kwa ajili hiyo. Tukumbuke Gorongosa. Anayekwenda kusema na mwenye bunduki hambariki. Anatafuta mlango. Nasi twaweza kuanza leo, kila mmoja katika kijiji chake: tuyaite matendo maovu kwa jina lake, lakini tusimpe ndugu yetu jina litakalomzuia kurudi nyumbani.