Ufuatilikaji: Jani la Bomet na Safari Yake Hadi Mnada wa Mombasa

Mkulima mdogo wa chai anapofikisha majani yake kituoni, iwe ni upande wa Mogogosiek katika Bomet au Litein katika Kericho, karani huning'iniza mfuko kwenye mizani ya kielektroniki, huingiza namba ya mkulima, kisha mashine ndogo hutema risiti. Kwenye kikaratasi hicho mna namba ya mkulima, tarehe, kituo na kilo. Wengi hukiweka mfukoni kwa sababu moja tu: mwisho wa mwezi, malipo yakija, walinganishe kilo zao na zile za kiwanda. Lakini risiti hiyo ni kitu kikubwa zaidi. Ndiyo data ya kwanza katika safari inayoishia kwenye kikombe cha mtu aliye Karachi au Cairo, na swali la makala haya ni iwapo safari hiyo inaweza kufuatwa kutoka mwisho hadi mwanzo, na kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jambo hilo Kiingereza hulipa jina la traceability. Codex Alimentarius, mkusanyiko wa viwango vya chakula unaosimamiwa na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la chakula na lile la afya, hulieleza kuwa ni uwezo wa kufuata mwendo wa chakula katika hatua zilizotajwa za uzalishaji, utengenezaji na usambazaji. Kwa Kiswahili, magazeti na ripoti nyingi huandika “ufuatiliaji”. Neno hilo ni zuri, ila lina kazi nyingine tayari. Ufuatiliaji ni tendo la mtu: mkaguzi hufuatilia, mwandishi wa habari hufuatilia, serikali huunda kamati ya ufuatiliaji na tathmini. Hapa tunataka kutaja sifa ya kitu chenyewe. Kiwanda kinaweza kuwa na maofisa kumi wa ufuatiliaji na bado chai yake isifuatilike, kwa sababu kumbukumbu zinazohitajika hazikuandikwa siku majani yalipoingia.

Lugha yetu ina njia ya kutofautisha mambo haya mawili. Kusoma hutupa usomaji, kazi ya msomaji. Kusomeka hutupa usomekaji, sifa ya maandishi. Kwa njia iyo hiyo, kufuatilia hutupa ufuatiliaji, na kufuatilika hutupa ufuatilikaji. Ndilo neno ninalolipendekeza na ndilo nitakalotumia. Wapo wanaosema “utambuzi wa asili ya bidhaa”, nao wana hoja, maana mnunuzi mara nyingi huuliza chai ilitoka wapi. Udhaifu wa istilahi hiyo ni kwamba inatazama nyuma tu. Ufuatilikaji hutazama pande zote mbili: huniwezesha kuuliza chai hii ilitoka kwa nani, na huniwezesha pia kuuliza majani yangu yalikwenda wapi na yaliuzwa kwa bei gani. Swali la pili ndilo la mkulima.

Mahali pa neno hili ni ndani ya istilahi pana zaidi, mnyororo wa ugavi. Usimamizi wa mnyororo wa ugavi ni dhana iliyopata jina lake mwaka 1982, pale mshauri wa biashara Keith Oliver alipolitumia hadharani alipohojiwa na gazeti la Financial Times. Kiswahili kilikwisha kuwa na “ugavi” kutoka kugawa, na Tanzania wana Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, kwa hiyo tafsiri haikupata taabu. Tuendelee na chai.

Jani la chai likishachumwa, majani mawili na chipukizi, halisubiri mtu. Likishindiliwa kwenye gunia hupata joto, hugeuka rangi na kuharibika kabla halijafika kiwandani. Ndiyo sababu majani hubebwa katika mifuko inayopitisha hewa, na lori likichelewa kwa ajili ya matope ya barabara za mashambani, hasara imeshaingia. Saa ambayo majani yalichumwa, saa yalipopimwa na saa yalipopokelewa kiwandani ni data tatu za bei rahisi sana kukusanya, na zinaeleza ubora wa chai kuliko maneno mengi ya mikutanoni.

Kiwandani ndipo penye mtihani. Majani ya mamia ya wakulima humwagwa pamoja kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, hupulizwa hewa kwa saa nyingi, halafu huingia kwenye mashine za kuponda, kurarua na kukunja, huachwa yachachuke hadi yageuke rangi ya shaba, hukaushwa, kisha huchekechwa kuwa gredi: BP1, PF1, PD, D1 na nyinginezo. Kilo nne na nusu hadi tano hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Kufikia hapo namba ya mkulima imepotea. Hakuna awezaye kuchota kijiko cha PF1 na kusema hiki ni cha mama fulani wa Kapkoros.

Lakini kupotea kwa namba ya mtu si kupotea kwa kila kitu. Chai iliyokaushwa hufungwa katika mafungu, na kila fungu hupewa namba, ambayo wenye kazi huiita invoisi. Invoisi hiyo, pamoja na jina la kiwanda na gredi, ndiyo inayosafiri zaidi ya kilomita 700 hadi maghala ya Mombasa, ndiyo inayoandikwa kwenye katalogi ya mnada, na ndiyo inayopata bei. Kiwanda kikiandika vituo gani vilimwaga majani kwenye kitanda gani, saa ngapi, na kitanda hicho kilitoa invoisi ipi, basi kutoka invoisi tunaweza kurudi hadi kwenye vituo vichache na siku moja. Huo ndio ufuatilikaji wa kweli unaowezekana katika chai ya wakulima wadogo. Haufiki kwa mtu mmoja mmoja, nao hauhitaji kufika huko ili uwe na faida.

Fikiria mnunuzi wa Ulaya aliyepima chai na kukuta masalia ya anthrakwinoni, kemikali inayoweza kutoka kwenye moshi wa kuni pale mitambo ya kukaushia inapovuja. Kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa chai ni miligramu 0.02 kwa kilo, kiasi kidogo mno. Sheria yao ya chakula namba 178 ya mwaka 2002, ambayo kifungu chake cha ufuatilikaji kilianza kutumika Januari 2005, humtaka kila mfanyabiashara ajue alikonunua na alikouza, hatua moja nyuma na hatua moja mbele. Kiwanda chenye kumbukumbu kitasema: ni invoisi hii, ilipita kwenye mashine ile, siku ile, kitairudisha hiyo peke yake na kuziba mahali panapovuja. Kiwanda kisicho na kumbukumbu kitashukiwa chai yake yote ya mwezi mzima. Gharama hiyo hulipwa na wakulima wote, hata wale ambao majani yao hayakukaribia mashine hiyo.

Mnyororo unaweza kukatika mapema zaidi, barabarani. Kericho na Bomet kuna viwanda vingi vya binafsi vinavyogombea majani na vile vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1964 na ambalo viwanda vyake hununua majani kutoka kwa wakulima zaidi ya 600,000. Mkulima mwenye shida ya pesa leo humuuzia mchuuzi kando ya njia, naye mchuuzi hupeleka anakotaka. Simlaumu mkulima huyo. Karo ya shule haingoji bonasi ya kila mwaka ya Oktoba. Ila majani yasiyojulikana yalikotoka yakiingia kwenye kiwanda chenye cheti cha kilimo kinachotunza mazingira, cheti kinakosa maana. Na vyeti vina uzito katika eneo hili: ni mashamba makubwa ya Kericho yaliyopata cheti cha Rainforest Alliance mwaka 2007, kabla viwanda vya wakulima wadogo havijafuata njia hiyo.

Mteja je? Katika lugha ya biashara, data hukusanywa ili kumridhisha mteja, na hapa mteja wa kiwanda ana sura nyingi. Pakistani ndiyo mnunuzi mkubwa zaidi wa chai ya Kenya, na wanywaji wake hutaka chai inayotoa rangi kali ikikutana na maziwa. Kabla ya mnada, waonjaji wa madalali huonja kila invoisi, hutazama rangi ya maji na ya majani yaliyolowa, kisha huandika maoni na bei wanayoikadiria. Maoni hayo ni hazina. Yanaweza kumwambia meneja kwamba chai ya wiki iliyopita ilichachuka kupita kiasi, au kwamba majani yalikuwa yamekomaa mno. Tangu mnada wa Mombasa uingie kwenye mfumo wa kielektroniki, habari hizi zinaweza kusafiri haraka kuliko zamani. Zikiishia kwenye ofisi ya kiwanda bila kufika kituoni, mchumaji ataendelea kuchuma vilevile.

Hapa ndipo ninapolalamika kwa moyo wote. Kilo za mkulima zinajulikana hadi sehemu ya kilo. Bei ya kila invoisi inajulikana hadi senti ya dola. Data hizi mbili hazikutanishwi mbele ya mkulima. Risiti yake hupima uzito tu. Haina neno juu ya ubora. Kwa hiyo mwenye kuchuma majani mawili na chipukizi hulipwa kiwango kilekile cha jirani yake anayechuma majani manne na kijiti, maana bei ya kilo ni moja kwa kiwanda kizima. Kila mwaka bonasi inapotangazwa, wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa huona wenzao wa mashariki wamepata zaidi, na jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba ubora wao uko chini. Huenda ni kweli kwa kiwanda fulani, na si kweli kwa kingine. Pasipo ufuatilikaji, jibu hilo haliwezi kuthibitishwa wala kukanushwa, na hasira hubaki palepale.

Tumeona pia madhara ya bei isiyotazama data hiyo. Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya KTDA mnadani. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Lakini kipimo kilikuwa kimoja kwa chai za ubora tofauti, na zile ambazo wanunuzi hawakuziona kuwa zinafikia thamani hiyo zilirundikana maghalani Mombasa, hadi bei hiyo ikaondolewa mwaka 2024. Chai hupoteza uchangamfu ikikaa, na hasara ya kukaa huko ilirudi kwa wakulima.

Sheria iko upande wa mkulima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 humpa kila mtu haki ya kuzifikia data zake zinazoshikiliwa na shirika, na namba ya mkulima, simu yake na kilo zake ni data zake. Wakulima pia ndio wenye hisa wa viwanda vyao na ndio wanaowachagua wakurugenzi. Katika mkutano mkuu ujao, pamoja na kuuliza bonasi ni shilingi ngapi, waulize mambo mawili: majani ya kituo chetu yaliingia kwenye invoisi zipi, na waonjaji waliandika nini juu yake. Kisha wadai majibu hayo yabandikwe kituoni kila mwezi, kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis.