Inchi Mbili Mbele ya Ekseli

Mwaka 1914, jijini Detroit, mfanyabiashara wa mbao aitwaye Frederic Sibley alikuwa na boti na alikuwa na gari aina ya Ford Model T. Kilichomshinda ni kuifikisha boti kwenye ziwa la kaskazini mwa Michigan, alikopenda kwenda kupumzika. Akamwendea August Fruehauf, mhunzi na muundaji wa mikokoteni, amtafutie njia. Fruehauf akaunda mkokoteni wenye magurudumu nyuma tu. Mbele hakuweka gurudumu. Upande huo akaulaza juu ya mgongo wa Ford. Boti ikafika ziwani. Sibley aliridhika kiasi cha kurudi kuagiza mikokoteni mingine ya aina hiyo kwa ajili ya kusombea mbao, na Fruehauf akaipa kazi yake jina ambalo leo halimpigi chenga utingo yeyote kutoka Mombasa hadi Tunduma: semi-trela.

Semi ni nusu. Tela kamili lina magurudumu mbele na nyuma; linabeba uzito wake lenyewe na kumwomba mvutaji jambo moja tu, nivute. Tela nusu linaomba mawili: nivute, na unibebe upande mmoja. Ombi hilo la pili ndilo lililonifanya nitumie miezi kadhaa nikisoma habari za vyuma, springi na pini, mimi ambaye sijawahi kuendesha chochote kikubwa kuliko pikapu. Maana ukishakubali kumbeba mwenzako, swali linalofuata ni nimbebe wapi: begani, mgongoni au kiunoni? Kwa zaidi ya miaka 100 watu wamekuwa wakilijibu swali hilo, wengine kwa hesabu, wengine kwa ajali.

Chombo chenyewe kilirithiwa kutoka enzi za farasi. Magari ya farasi ya magurudumu manne yalikuwa na duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili ekseli igeuke bila bodi kugeuka nayo. Kwa kuwa lilikuwa duara, na magurudumu mengine yalikuwa manne, likaitwa gurudumu la tano. Wafaransa na Wajerumani wana msemo wa kumwita mtu asiyehitajika gurudumu la tano la gari. Historia imewasuta. Bila gurudumu hilo bandari za dunia zingesimama kabla ya saa sita mchana.

Aliyelihamishia kwenye magari ya injini kwa mafanikio makubwa ni Charles Martin, aliyefanya kazi na kampuni ya Knox ya Springfield, Massachusetts. Kichwa cha kuvutia cha Knox-Martin kilichotokea mwaka 1909 kilikuwa na magurudumu matatu, sura yake ya kuchekesha kidogo, lakini kilikuwa na wazo zito ndani yake. Martin hakuuweka uzito wa tela kwenye chesisi ya gari. Aliuteremsha moja kwa moja kwenye ekseli ya nyuma, kupitia springi zake maalumu, ili chesisi na injini vibaki na kazi ya kuvuta tu. Kwa maneno mengine, alijibu swali la "wapi" kwa kunyoosha kidole: hapa, juu ya ekseli, si pengine.

Kwa nini hapo? Mtu aliyewahi kusimama Kariakoo akitazama mikokoteni ya mkono hahitaji darasa la fizikia. Mzigo ukipangwa nyuma sana ya magurudumu, mishikio inapanda juu na kumnyanyua hamali hadi vidole vya miguu vinatafuta ardhi. Gari nalo ni hivyo hivyo. Ekseli ya nyuma ndiyo egemeo, na magurudumu ya mbele, yale ya usukani, ndiyo hamali.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua tela la makazi la tani 6, nyumba ya magurudumu ambayo Wamarekani huivuta wakienda likizo. Matela ya aina hiyo yanayoegemea mgongoni mwa pikapu huikabidhi pikapu kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wao. Tuseme kilo 1,200. Pikapu yenyewe ina mita 4 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiweka kiunganishi sentimita 5 mbele ya ekseli ya nyuma, yaani kama inchi 2, magurudumu ya mbele yanaongezewa kilo 15 tu na ekseli ya nyuma inabeba 1,185 zilizobaki. Sasa uhamishe uzito uleule hadi kwenye bampa, sentimita 120 nyuma ya ekseli. Magurudumu ya mbele yanapunguziwa kilo 360, na ekseli ya nyuma inabeba kilo 1,560, zaidi ya uzito uliowekewa. Mzigo ni uleule na gari ni lilelile, lakini dereva anashika usukani uliokuwa mwepesi ghafla, taa zake zinamulika matawi ya miti, na breki za mbele, zinazotegemewa zaidi kusimamisha gari, zimenyang'anywa uzito wa kushikia barabara.

Hilo ni la juu na chini. La kulia na kushoto ni baya zaidi. Upepo ukilipiga ubavuni tela lililofungwa kwenye bampa, tela huusukuma mkia wa gari upande, nao mkia uko mbali na ekseli, kwa hiyo una nguvu ya kuligeuza gari zima. Gari likigeuka, tela linarudi upande wa pili kwa kishindo kikubwa zaidi. Mara tatu au nne za kuyumba hivyo kwenye mteremko, na dereva amekuwa abiria. Tela lililoegemea juu ya ekseli haliwezi kufanya hivyo kirahisi: linaposukuma, linasukuma pale ambapo matairi yameikamata lami, na halina mkia wa kuushika.

Mtu aliyeupenda mpangilio huu kabla ya wengi alikuwa rubani. Glenn Curtiss alianza na baiskeli, akahamia pikipiki, kisha akawa miongoni mwa waundaji wakubwa wa ndege wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Florida, alijenga tela la makazi aliloliita Aerocar: fremu nyepesi iliyokazwa kwa nyaya kama ndege, na ncha yake ya mbele ikiingia mgongoni mwa gari dogo la watu wawili. Kiunganishi chake bado kinanifurahisha. Curtiss alichukua gurudumu la ndege lenye tairi la upepo, akalilaza chali ndani ya sehemu ya mizigo ya gari, na pini ya tela ikakaa katikati yake. Hewa ya tairi ikameza mishtuko yote ya barabara. Lilikuwa gurudumu la tano kwa maana halisi ya neno.

Curtiss alifariki mwaka 1930, na wazo lake halikuwa la wanyonge. Lilihitaji gari lililokatwa mgongo. Familia ya kawaida ilikuwa na gari la kawaida, lenye viti na paa hadi nyuma, na mahali pekee pa kufungia kitu palikuwa bampa. Kwa hiyo miaka ya 1930, Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria wa Detroit, alipoligeuza sanduku lake la likizo kuwa biashara kubwa ya matela ya makazi iliyoitwa Covered Wagon, matela hayo yalining'inia nyuma ya bampa. Wateja walinunua kile ambacho magari yao yangeweza kukivuta, na fizikia ikasubiri nje.

Ilisubiri hadi Afrika. Mwaka 1959, Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 ya bati linalong'aa kutoka Cape Town kwenda Cairo. Yalivutwa zaidi na pikapu, yakapita Rhodesia, Kongo ya Wabelgiji, Uganda na Kenya, yakaingia Ethiopia, na mwaka 1960 yakapigwa picha mbele ya piramidi. Wamarekani huitazama safari hiyo kama kilele cha uthubutu, na kwa upande wa vyuma nakubaliana nao: barabara za wakati ule zilikuwa mtihani kwa kila pini na kila springi.

Lakini mimi siwezi kuisoma kwa jicho moja. Mwaka 1959 Kenya ilikuwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wakikuyu, kutoka mashambani mwao na kuwarundika kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na ulinzi. Katika nchi hiyohiyo zikapita nyumba 41 zenye magurudumu, zenye vitanda na majiko, ambazo wenyewe walilala popote walipopapenda. Sisemi Byam ndiye aliyechimba mahandaki. Nasema tu kwamba uhuru wa kwenda na nyumba yako nao una uzito, na kila uzito kuna mahali unapoegemea.

Baada ya hapo pikapu iliacha kuwa gari la shamba na kuwa gari la familia ya Kimarekani, na kuanzia miaka ya 1960 na 1970 wazo la Martin na Curtiss likarudi kwa wenye likizo: tela kubwa la makazi lenye shingo ndefu, linaloegemea katikati ya sehemu ya mizigo ya pikapu nzito. Kanuni ya mafundi wa kufunga kiunganishi hicho ni ileile ya mwaka 1909, ikisemwa kwa inchi: katikati ya kiunganishi pawe juu kabisa ya ekseli ya nyuma au inchi chache mbele yake, kwa kawaida mbili. Kamwe pasiwe nyuma.

Ingekuwa hadithi rahisi kama ingeishia hapo. Kila sentimita unayosogea mbele unaikaribia kebini. Pikapu yenye bodi ya futi 8 ina nafasi ya kutosha, lakini wanunuzi wengi wanataka viti vingi, na viti vimeila bodi hadi ikabaki futi 6 na nusu au chini ya hapo. Kwenye kona ya barabara kuu hakuna tatizo. Tatizo liko kambini jioni, dereva akirudi nyuma kwa pembe kali huku watu wanamtazama: kona ya tela inazunguka na kuingia kwenye kioo cha nyuma cha kebini, palipokaa watoto. Mafundi wamejibu kwa kiunganishi kinachoteleza. Barabarani kinakaa juu ya ekseli. Wakati wa kugeuza kwa mwendo wa kobe kinarudishwa nyuma kidogo, kisha kinarejeshwa kabla ya safari.

Sahani inayoteleza nilikuwa nimeisikia zamani, kabla sijajua habari za Curtiss. Mjomba wangu aliendesha semi kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi, akirudi na shaba. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56 kwa jumla, lakini jumla haitoshi. Kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Ekseli ya usukani ni tani 8, ekseli mbili za kichwa zenye matairi pacha ni tani 18, tatu za tela ni 24. Shaba ni mzigo mdogo kwa umbo na mkubwa kwa uzito, hivyo ikipangwa vibaya kidogo, gari linapita kwa jumla na kukwama kwa ekseli.

"Usiku mmoja mizani ilinikataa," aliniambia. "Jumla iko sawa, ila ekseli za kichwa zimezidi."

"Ukashusha mzigo, mjomba?"

"Nishushe shaba usiku, peke yangu na utingo? Nilifunga breki za tela, nikalegeza sahani, nikarudisha kichwa nyuma taratibu mpaka sahani ikasogea matundu mawili kuelekea kebini. Nikafunga. Nikarudi kupima. Nikapita."

Matundu mawili yalitosha kuwahamishia magurudumu ya usukani sehemu ya uzito, nayo yalikuwa na nafasi chini ya tani 8. Mzigo haukupungua hata kilo moja. Ulibadilisha tu mabega.

Jambo alilolisisitiza zaidi, hata hivyo, halikuwa mizani. Lilikuwa dakika ya kuunganisha. Kichwa kikiingia chini ya tela lililoinuliwa juu kupita kiasi, pini inaweza kukaa juu ya taya za kufuli badala ya katikati yake. Kwa macho ya haraka kila kitu kimeungana. Tela litakubali kuvutwa kwenye tambarare, kisha litaachia kwenye tuta la kwanza au kwenye miteremko kama ya Kitonga, na ambaye yuko nyuma hatakuwa na pa kukimbilia. Ndiyo maana madereva wa semi, na wale wastaafu wa Kimarekani wenye matela yao ya likizo, wana ibada moja: breki za tela zimefungwa, vuta mbele kidogo, sikia kama linashika, kisha zima, shuka na tochi, uinamie chini na uone kwa macho kwamba taya zimeizunguka pini na hakuna mwanga kati ya sahani mbili.

Pini hiyo, kwa matela mengi duniani, ina unene wa inchi 2. Ni unene wa mhindi mzuri wa kuchoma. Tani zote zinapita hapo, na hakuna kompyuta iliyowahi kuondoa haja ya mtu kuinama na kutazama.