Vuga na Mabonde Yake

Milima ya Usambara husimama ghafula juu ya nyika, mfano wa ukuta usio na mlango. Lakini milango ipo, nayo ni mabonde ya mito. Upande wa kaskazini mto Umba huteremka kwenda bahari ya Vanga. Bonde la Lwengera huigawa milima sehemu mbili, ya mashariki na ya magharibi. Chini ya magenge ya kusini-magharibi hupita Mkomazi, nao huingia katika mto Pangani utokao pande za Kilimanjaro na Meru. Juu ya mabonde hayo, katika sehemu ya magharibi, kipo kijiji cha Vuga, kilichokuwa makao ya wafalme wa Kilindi. Habari yake yastahili kufikiriwa na kila apendaye kujua jinsi dola inavyosimama na jinsi inavyoanguka.

Mzungu wa kwanza kupanda Vuga na kuandika aliyoyaona alikuwa mmisionari Johann Ludwig Krapf, mwaka 1848. Safari hiyo alitoka Mombasa akapita nyikani. Mwaka 1852 alirudi, na mara hii alikwenda kwa chombo hadi Pangani, ndipo akapanda. Mwezi wa Februari 1857 Richard Burton na John Speke nao waliifuata njia ya Pangani, wakisindikizwa na askari Mabuluchi wa serikali ya Unguja. Wote walikwenda kumwona mtu mmoja, Kimweri ye Nyumbai, aliyeitwa Simba Mwene. Wanawe walitawala majimbo kwa jina lake, na hata madiwani wa pwani walitaka kibali chake. Burton na Speke walilazwa katika nyumba ya wageni nje ya mji, wakamkuta mfalme ni mzee na mgonjwa, mwenye kutamani dawa ya kumrudishia nguvu.

Wageni hao waliona mlima wakadhani wameiona dola. Wenyeji walijua zaidi. Katika lugha ya Kishambaa nchi ya juu yenye baridi na mvua huitwa shambaai, na nchi ya chini yenye joto huitwa nyika. Shambaai ndiko kwenye migomba, chakula cha kutegemewa. Nyika ilikuwa na homa, na Wamasai wapora ng'ombe, lakini mashamba ya chini yalizaa mazao mengine, na majira yake hayakuwa ya juu. Kwa hiyo vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa magenge, ili mkulima aamkie mlimani na aweze kushuka kulima bondeni. Ukame ulipoipiga nchi moja, nyingine ilimwokoa. Mlima ulikuwa ngome, na bonde lilikuwa ghala la pili.

Mambo yalibadilika bonde lilipoacha kuwa shamba likawa njia. Misafara ya Pangani ilipanda na mto kutafuta pembe za ndovu na watumwa, ikaleta nguo, bunduki na baruti. Mfalme wa Vuga alizoea kupokea kodi na kuwagawia watu wake. Basi nguvu zake zilitegemea vitu kupanda mlimani. Bunduki hazikuwa na haja ya kupanda. Mwanawe mmoja, Semboja, alitawala Mazinde, katika bonde la Mkomazi, penye njia ya misafara. Huko alifanya urafiki na wafanyi biashara, akakusanya silaha.

Kimweri alikufa mwaka 1862, na mjukuu wake Shekulwavu akarithi kiti. Kabla ya miaka 10 kupita, majeshi ya Semboja yaliichoma Vuga. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni lile lililofuata. Mshindi hakuhamia katika mji alioutwaa. Alimweka mwanawe huko awe mfalme, na yeye mwenyewe akabaki Mazinde. Kiti kilikuwa mlimani, na amri ilikuwa bondeni.

Waliolipa gharama ni watu wadogo. Katika vita hivyo vya ndugu, wakubwa waliokuwa walinzi wa raia waliwateka na kuwauza kwa bunduki zaidi. Wabondei wa mashariki waliasi wakawafukuza watawala wa Kilindi. Mengi ya mambo hayo yamehifadhiwa kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi iliyochapwa Magila, ambayo mwanafunzi wa historia hana udhuru wa kutoisoma.

Wadachi walipoitawala nchi walijenga boma lao juu, Lushoto, lakini reli yao kutoka Tanga ilifuata bonde. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Hivyo njia ya misafara ikawa njia ya chuma, na Vuga ikabaki pembeni.

Mwenye kuzuru kijiji cha mlimani hushawishika kukiona kuwa kimejitenga na ulimwengu. Vuga haikujitenga kamwe. Ilikula kwa mabonde yake, ikatawala kwa mabonde yake, na adui aliyeiangusha alitoka katika mojawapo ya mabonde hayo, tena alikuwa mtoto wa nyumba. Aulizaye sababu ya mji kuanguka hana budi kushuka kwanza hadi mtoni, akaangalie nini kinapita.