Viroba vya salfeti: Vinavyofumwa na mahali visipofaa
VIROBA vya plastiki, maarufu kama salfeti, vinahitajika sana Tanzania kufungashia unga, sukari na mbolea kwa kuwa ni vyepesi na haviozi.

Kiwandani, chembechembe za polipropilini huyeyushwa kuwa utando, hukatwa nyuzi bapa na kuvutwa ili ziwe imara. Mitambo ya duara huzifuma, kisha kitambaa hukatwa na kushonwa.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa iliyoanza Juni 1, 2019 haikugusa vifungashio vya bidhaa za viwandani na kilimo.

Hata hivyo, kwa korosho magunia ya katani au juti ndiyo yafaayo. Kiroba hupitisha hewa kidogo. Korosho zenye unyevu zikifungiwa humo, huota ukungu na mkulima hupoteza daraja na bei.