Pembe, Balozi na Mita ya Umeme

Katika miji midogo mingi ya Tanzania siku huanza na pikipiki yenye spika mbili zilizofungwa nyuma kwa kamba za mpira. Hupita polepole, mtangazaji amekaa nyuma ya dereva na kipaza sauti mkononi, akikatisha maneno yake kila wanaporuka tuta. Maji yatakatika kesho kutwa. Watoto wa chini ya miaka mitano wapelekwe zahanati kwa chanjo. Wenye vibanda kando ya barabara wavibomoe wenyewe kabla ya Ijumaa. Na karibu kila tangazo huanza na neno lilelile: wananchi, *mnatangaziwa*. Sarufi yenyewe imekwisha kupanga nani yuko wapi. Yupo anayetangaza, na sisi wengine tupo wa kutangaziwa.

Kabla ya spika ilikuwepo mbiu, pembe ya mnyama iliyopulizwa ili watu watoke majumbani wasikie. Mgambo, katika Kiswahili cha zamani, halikuwa jina la mtu mwenye rungu na kofia. Lilikuwa tangazo lenyewe, wito wa wakubwa kwa watu wa mji. Ndiyo maana methali husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Jambo hilo mara nyingi lilikuwa la kutoa kitu: nguvu za mikono, mazao, fedha, au vijana wa kwenda vitani. Neno likahama kutoka kwenye sauti hadi kwa mtu katika miaka ya 1970, baada ya jeshi la mgambo kuundwa, na baadaye tutaona mtu huyo akigonga milango ya watu usiku. Kwa muda mrefu habari za serikali na madai ya serikali zimekuwa kitu kimoja, na kwa sikio la mwananchi bado ni vigumu kuzitenganisha.

Pangani ni mahali pazuri pa kuanzia. Ni mji mdogo, uko mto unapoingia baharini, kusini ya Tanga, na Bweni iko ng'ambo, mwendo wa kivuko. Karne ya kumi na tisa haukuwa mdogo kwa maana ya leo. Misafara ya pembe za ndovu ilishukia hapo, na mashamba ya miwa kandokando ya mto yalilimwa na watumwa. Liwali alikaa pale kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, lakini mji uliendeshwa kwa mazungumzo marefu kati ya liwali, majumbe, wenye mashamba na wakuu wa misafara. Liwali aliyetaka jambo lifanyike alijua afadhali awe na marafiki kwanza.

Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alitia saini mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki haki ya kutawala na kukusanya ushuru kwenye pwani yake ya bara. Kampuni ikaanza kazi katikati ya Agosti. Huko Pangani wakala wake alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, na jina hilo linatosha kutuambia walimwonaje. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali akakataa. Manowari ikashusha askari. Na pamoja na ugomvi wa bendera, kampuni ilikuja na amri zake: kodi na ushuru mpya, na agizo kwamba wenye ardhi wajiandikishe na kuthibitisha umiliki wao ndani ya muda uliowekwa, la sivyo waipoteze.

Fikiria mtu aliyerithi shamba kwa babu yake, mashahidi wake wote wako makaburini, anaambiwa alete karatasi. Tukiiondoa bendera pembeni, hilo lilikuwa tangazo la huduma za ardhi, na halina tofauti kubwa na yale yanayobandikwa leo kwenye ofisi za halmashauri. Mji ukawaka. Mwanzoni mwa Septemba watu wa Pangani waliwazingira maofisa wa kampuni ndani ya nyumba yao, hadi Jenerali Lloyd Mathews, mkuu wa majeshi ya Sultani, alipokuja kuwatoa. Abushiri bin Salim akawa kiongozi wa vita vilivyoenea pwani nzima. Wajerumani waliurudisha mji mikononi mwao Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa papo hapo Pangani. Kampuni ilikuwa imeshindwa kazi, na kuanzia 1891 serikali ya Ujerumani ikatawala yenyewe.

Dola ilikuwa na mikono mirefu kuliko kampuni. Mwaka 1897 ikatolewa sheria ya kodi ya nyumba, ambayo vijijini ilikuwa rupia tatu kwa mwaka, na ukusanyaji ukaanza mwaka uliofuata. Kwa kazi hiyo serikali haikuunda watu wapya. Ilichukua vyeo vya pwani, akida na jumbe, ikavipeleka hata mahali ambako havikuwahi kusikika. Jumbe alihesabu nyumba za watu wake na akida akamhesabu jumbe. Habari kutoka boma zilifika kwa kinywa cha watu hawa wawili, na kwa kuwa walichokileta kilikuwa kodi na kazi za kulazimishwa, neno akida likaacha ladha chungu ambayo haijaisha kabisa. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905 kusini, maakida walikuwa miongoni mwa waliotafutwa mapema.

Waingereza walipochukua nchi waliwaondoa maakida sehemu nyingi, na gavana Donald Cameron akaleta sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926. Machifu walipewa mahakama, hazina na baraza. Katika miji ya pwani, maliwali waliendelea kukaa kwenye viti vyao. Ukoloni huo ulijua pia nguvu ya karatasi. Januari 1923 Idara ya Elimu ilianza kutoa gazeti la mwezi kwa Kiswahili, Mambo Leo, lililochanganya habari za serikali, mafunzo ya kilimo na afya, na mashairi ya wasomaji. Aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Nadhani hapo ndipo kwa mara ya kwanza habari za utawala zilimfikia mtu wa kawaida pasipo mtumishi wa utawala kusimama mbele yake akisubiri kulipwa.

Uhuru ulikuja na haraka yake. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1964 TANU, chama tawala, ikaanzisha utaratibu ambao wengi wetu tumeukuta na kuudhania wa tangu enzi za manabii: balozi wa nyumba kumi. Balozi hakuwa mtumishi wa serikali. Alikuwa kiongozi wa chama, jirani yako, anayejua mgeni wako ametoka wapi na mwanao amefukuzwa shule lini. Lakini serikali ilimtumia kama kiungo chake cha mwisho. Kikao cha kijiji, zamu ya ulinzi, kampeni ya kufuta ujinga, zote zilipita kwake. Miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kujulikana na balozi kulikuwa na uzito wa kilo za sukari. Na barua yake ilihitajika ili upate barua ya ofisi ya juu zaidi, nayo ili upate unachokitafuta.

Kipindi kinachonishangaza zaidi katika historia hii ni kile ambacho halmashauri hazikuwepo kabisa. Vijana wengi hawakijui. Tarehe 1 Julai 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mwaka uliofuata zikafuata za miji. Mpango uliitwa Madaraka Mikoani. Kampuni ya washauri ya McKinsey kutoka Marekani ilishiriki kuuandaa, na hoja yake ilikuwa ya kueleweka: halmashauri zilikuwa hazina fedha, kodi zake nyingi zilikuwa zimeondolewa miaka michache nyuma, na mipango yote ilikuwa ikisubiri makao makuu. Basi maofisa wapelekwe mikoani na wilayani, waamue huko huko.

Waliokwenda kwa wingi mikoani walikuwa watumishi, na diwani akabaki bila chombo. Mwananchi wa mji mdogo mwenye mtaro ulioziba hakuwa na baraza la kulalamikia. Alikuwa na mkurugenzi wa maendeleo wa wilaya, ambaye mkubwa wake yuko mkoani. Vipaumbele vya wakati ule vilikuwa vijijini, kwenye vijiji vya ujamaa, na miji ikaachwa kama nyumba ya marehemu inayosubiri mirathi: mitaro ikajaa, takataka zikarundikana, magari ya kuzoa taka yakaharibika yasitengenezwe. Kipindupindu kilichoingia nchini katikati ya muongo kiliitikisa miji, hasa katika mlipuko wa 1977 na 1978. Mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya muda ya kurudisha halmashauri za miji, hata kabla ya nchi kujua itazilipia kwa fedha gani.

Mwaka 1982 zikapitishwa sheria ambazo mpaka leo ndizo msingi: namba 7 ya mamlaka za wilaya, namba 8 ya mamlaka za miji, namba 9 ya fedha zake. Halmashauri zikaanza tena kazi Januari 1984, na Katiba ikapata ibara ya 145 na 146 zinazozitambua. Mwaka huohuo Rais wa wakati huo, Mwalimu Nyerere, aliulizwa katika mahojiano angefanya nini tofauti kama angeanza upya, na miongoni mwa mambo mawili aliyoyataja ni kuvunja serikali za mitaa. La pili lilikuwa kuvunja vyama vya ushirika. Si viongozi wengi wa kizazi chake walioweza kusema hivyo wakiwa bado madarakani. Hata hivyo kitu kimoja cha enzi ya Madaraka Mikoani hakikuondoka. Cheo cha mkurugenzi kimebaki, na mkurugenzi wa halmashauri bado huteuliwa na Rais, wakati madiwani anaokaa nao mezani huchaguliwa na watu wa kata zao.

Halmashauri zilizorudi zilirudi na njaa, nayo ikashibishwa kwa kodi ya maendeleo, ambayo mitaani haikuitwa hivyo. Iliitwa kodi ya kichwa. Kila mtu mzima, hasa mwanaume, alitakiwa kuwa na risiti ya mwaka, na mgambo, yule aliyezaliwa kutokana na neno la tangazo, ndiye aliyeikagua. Waliokulia miji midogo katika miaka ya 1990 wanakumbuka vizuizi vya kamba njiani siku ya mnada, baba wa watu akiruka dirisha usiku, wanaume wakilala shambani msimu mzima wa makusanyo. Watoto walifundishwa kujibu kwamba baba amesafiri. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Sijasikia mtu aliyehuzunika nje ya idara za fedha za halmashauri, zilizolazimika kutegemea zaidi ruzuku ya hazina kuu.

Wakati huo vyama vingi vilikuwa vimekwisha rudi. Uchaguzi wa kwanza wa serikali za mitaa wenye vyama vingi ulifanyika mwaka 1994, na balozi akabaki kuwa wa chama chake tu. Muhuri ukahamia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kwa mtendaji. Ukitaka kumdhamini ndugu polisi unaanza kwao, na kwa muda mrefu hata pasipoti au akaunti ya benki ilianzia kwao. Mahali panapotambuliwa kama mamlaka ya mji mdogo, wenyeviti wa vitongoji ndio hukaa kwenye baraza lake, chini ya halmashauri ya wilaya.

Mwaka 1998 serikali ilitoa sera ya kugatua madaraka kwa wananchi, na pamoja nayo likaja jambo ambalo pembe haikuwahi kulifanya: mbao za matangazo zinazopaswa kuonyesha fedha zilizoingia na zilivyotumika. Mkutano mkuu wa kijiji nao unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa hesabu. Vikao vya madiwani viko wazi kwa yeyote anayetaka kusikiliza.

Nimesimama mbele ya mbao hizo katika ofisi kadhaa za kata. Zipo zinazojazwa vizuri, na nimemwona mzee akinukuu tarakimu za fedha za choo cha shule kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu. Ubao mmoja ulikuwa wa kioo na kufuli, ndani yake karatasi ya robo ya mwaka uliopita imegeuka njano, na ufunguo alikuwa nao mtu aliyekwenda semina. Wakati nasubiri, pikipiki ya spika ilipita ikikumbusha ada ya taka. Habari ya kutoa ilikuwa imenifuata mpaka kizingitini. Ile ya matumizi nilikuwa nimeifuata mwenyewe, nikaikuta imefungiwa.

Kisha ikaja Agosti 2021. Kodi ya majengo, ambayo kwa miaka ilikusanywa na halmashauri kabla ya kuhamishiwa mamlaka ya mapato, TRA, mwaka 2016, ikaunganishwa na LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kawaida yenye mita yake ilikatwa shilingi 1,000 kila mwezi, na ghorofa 5,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500. Unanunua umeme, kodi inakatwa, uniti zinaingia zikiwa pungufu. Ikiwa wewe ni mpangaji, unamlipia mwenye nyumba kwanza, halafu mtaelewana kwenye pango. Hakuna risiti ya kumwonyesha mtu kwenye kamba wala aliyelala shambani. Kama kukusanya ndiyo kipimo, hakuna jumbe, akida wala mgambo aliyewahi kufanya kazi safi namna hii.

Ni kodi ya nyumba ileile ya 1897, kwa jina karibu lilelile. Isipokuwa mwenye nyumba wa wakati ule alimjua kwa sura jumbe aliyekuja kumhesabia banda. Aliweza kumkatalia, au kumdanganya kuwa hilo la nyuma ni la mbuzi, au kumkaribisha kahawa.