Ngazi Iendayo: Chombo, Umma na Jina

Kila chombo kipya kiingiapo katika maisha ya watu huja na mambo mawili ya kuzoewa: matumizi yake na jina lake. Sisi tushughulikao na istilahi aghalabu hulitazama jina peke yake, tukasahau kwamba umma ulikutana kwanza na chombo chenyewe, tena kwa mshangao na hofu. Makala haya yanachunguza ngazi ya mashine iwapandishayo na kuwateremsha abiria katika stesheni za reli za chini ya ardhi, ili kuona ni sifa ipi ya chombo hicho inayostahili kubebwa na jina.

Wazo lake ni la zamani kidogo. Nathan Ames wa Marekani alipewa hataza ya ngazi izungukayo mwaka 1859, lakini ngazi hiyo haikujengwa. Mwaka 1896 Jesse Reno aliweka Coney Island, New York, mkanda ulioinama uliowapandisha watu kiasi cha futi 7 tu. Watu hawakuwa na haja yoyote huko juu. Walipanda ili kuionja ajabu. Duka la Harrods, London, lilipoweka mkanda wa namna hiyo mwaka 1898, inasimuliwa kwamba wateja walipokewa juu kwa brandi ili kutulizwa mioyo. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 Charles Seeberger na kampuni ya Otis walionyesha ngazi yenye vipandio halisi.

Katika reli za chini kabisa za London abiria walikuwa wakitumia lifti. Lifti hukusanya watu, hufunga milango, kisha huwaacha wengine wakingoja. Ngazi ya mashine haimngojezi mtu. Kwa sababu hiyo ngazi za kwanza za reli hizo zilifunguliwa katika stesheni ya Earl's Court tarehe 4 Oktoba 1911, kuunganisha majukwaa ya njia za District na Piccadilly. Wako waliokwenda kuzitazama tu, na wako waliosita kukanyaga. Masimulizi yaliyorudiwa mara nyingi yanamtaja William Harris, mtu wa mguu mmoja, kwamba alizipanda na kuzishuka siku nzima ili kuwatoa watu hofu. Iwe kweli au ngano, masimulizi hayo yanaonyesha mahali hofu ilipokuwa: katika hatua ya kuingia na hatua ya kutoka. Nayo haikuwa hofu ya bure, kwani katika ngazi hizo za awali vipandio viliishia chini ya kizuizi cha mshazari, na abiria akalazimika kutoka kwa ubavu. Ngazi yenye meno ya chanuo mwishoni, ambayo abiria huitoka akielekea mbele, ilifika katika reli hizo mwaka 1924, katika stesheni ya Clapham Common.

Tuligeukie jina. Seeberger aliunda neno "Escalator" kutokana na neno la Kilatini *scala*, yaani ngazi, nalo likawa alama ya biashara. Lakini umma haukujali mwenye mali ni nani. Reli ya chini ya ardhi ya Moscow ilipofunguliwa tarehe 15 Mei 1935, Warusi nao waliita ngazi zao *eskalator*. Hata Otis yenyewe ililitumia katika matangazo yake kama nomino ya kawaida, na mwaka 1950 ikanyang'anywa haki ya alama hiyo huko Marekani. Hivyo neno likawa la wote.

Katika Kiswahili husikika "eskaleta", na pia "ngazi ya umeme". La kwanza ni fupi, ila halimwambii kitu asiyelijua. La pili limesimama juu ya nishati, na nishati ni msingi usiodumu. Tulikwisha kuliita treni "gari la moshi". Moshi ukaondoka, jina likabaki. Isitoshe, lifti nayo ni ya umeme. Kile kilichowashangaza watu wa Earl's Court hakikuwa umeme, bali ngazi kwenda yenyewe. Kwa hiyo "ngazi iendayo" lina haki ya kufikiriwa, hasa katika mabango ya usalama, ambayo msomaji huyasoma akiwa katika mwendo.

Jambo hili si la urembo wa lugha. Tarehe 18 Novemba 1987 moto ulizuka chini ya ngazi ya mbao ya stesheni ya King's Cross, London, ukaua watu 31. Uvutaji wa sigara ulikuwa umepigwa marufuku katika stesheni za chini ya ardhi tangu mwaka 1985, lakini abiria waliendelea kuwasha sigara ngazini wakitoka nje, na kibiriti kilichoanguka penyengweni kikawasha grisi na takataka zilizokuwa chini. Ajabu ilikuwa imekwisha zamani, hatari haikwisha. Amri ilikuwapo, ila haikuwafikia watu mahali walipokosea. Basi mfasiri anayeandika bango na mtumishi anayeliidhinisha wajiulize kwanza: mtu aliyeinua mguu kukanyaga kipandio cha kwanza ataelewa nini kabla ya kuushusha?