Kubanwa

Usiku mgonjwa akikaa kitako kitandani, mabega yamepanda, kifua kinalia filimbi, jirani anayegonga mlango hatajiwi pumu. Anaambiwa, “Amebanwa,” na keshaelewa.

Neno limelenga: misuli inayozunguka njia za hewa hujikaza, njia zikawa nyembamba. Ila limeona nusu. Nusu ya pili ni uvimbe ndani ya njia hizo, unaoweza kuwapo hata siku mgonjwa anapocheza mpira bila taabu. Inhela ya bluu, yenye salbutamoli, hulegeza misuli, uvimbe haiutibu. Ndiyo sababu mwaka 2019 GINA, mpango wa kimataifa wa kupambana na pumu, ulishauri kwamba watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 wasitibiwe kwa inhela hiyo peke yake, bali wapate pia steroidi ya kuvuta. Inaniuma kwamba wengi wetu bado tunaiogopa steroidi hiyo kuliko pumu yenyewe.

Basi anayesema “mwezi huu sijabanwa” aulizwe na la pili: usiku je, unakohoa?